Hiki "Cha" Kidogo

Tartu, Novemba. Saa tisa mchana na taa zimeshawashwa
kando ya mto Emajõgi. Ghorofa ya tatu
Maarika Leppik ameegemeza shavu kwenye ngumi
mbele ya kiwambo chenye mti uliopinduliwa,
mizizi juu, majani chini,
na kila jani ni jina la kipimo.

Leo ana tawi moja tu: vipimo vya damu.
Nani asiyekijua kipimo cha damu?
Hata mtoto aliyewahi kufungwa mpira mkononi anakijua.
Lakini mashine haijawahi kuchomwa sindano.
Lazima iambiwe.

Anaandika: *Kipimo cha damu ni kipimo ambacho*

na hapo anakwama. Ambacho nini?

Kwa lugha yake maneno mawili hugandana yakawa moja,
bila uzi kati yao. Sisi tuna hiki "cha" kidogo,
tunakipachika na kudhani tumesema kitu.
Cha damu: kinachofanyiwa damu?
Kinachoitafuta damu?
Kilichozama damuni kikaibuka na habari za ini?

Tazama sukari. Kinachohesabiwa ni sukari,
damu ni gari tu.
Chembe nyekundu, chembe nyeupe: hapo damu
inajihesabu yenyewe, kama kaya usiku wa sensa.
Muda wa kuganda: hapo hatupimi kitu, tunapima tukio,
sekunde kumi na mbili kati ya maji na uji.
Na seramu, ile ya manjano iliyopauka,
iliyokimbiwa na chembe zake,
iliyosahau hata namna ya kuganda,
bado ni damu?

"Mjane bado ni wa ukoo,"
Priit anasema kutoka meza ya dirishani, akimenya chungwa.
"Inategemea ukoo."

Miaka kumi na mmoja Maarika alitoa watu damu
kabla hajaanza kulipwa kwa kuwaza.
Siku zile vifuniko vilikuwa ufafanuzi tosha:
zambarau, hesabu ya chembe; bluu, kuganda; kijivu, sukari.
Hakuna aliyeuliza zambarau ni mtoto wa nani.

"Na hiki?" Priit ananyoosha kidole chenye maji ya chungwa.
Kipimo cha kutafuta damu kwenye choo.
Wamekibishania tangu Jumatatu.
Sampuli si damu, alisema Maarika, kitoke.
Kinachosakwa ni damu na si kingine, alisema Priit, kibaki.
Nayo kanuni ya mti haina huruma:
kila aina na mzazi mmoja,
na tofauti moja inayoitenga na ndugu zake.
Jana jioni alikikata. Akalala vizuri.

Leo asubuhi mama yake, Helju, alipiga simu kutoka Võru.
Barua imefika. Kile kijiti
alichokirudisha kwenye kichupa chake cha kijani
akakituma kwa posta kama kadi ya Krismasi,
kimejibu ndiyo.
"Lakini hiki si kipimo cha damu, sivyo?" mama aliuliza.
"Hawakunichoma popote."
Na Maarika, anayelipwa mshahara kujibu swali hilo hilo,
alisikiliza friji ya mama yake ikinguruma kwenye simu.

Sasa anakirudisha. Anaandika:
*ambacho ama sampuli yake ni damu, ama kinachotafutwa ni damu,*
anaacha mkato hapo, bila nukta.

"Ama haikubaliki," anasema Priit. "Ama ni mlango usio na komeo."
"Najua."
"Basi mzazi wake ni yupi?"

Anavaa koti. Kitufe cha pili hakipo tangu Septemba.
Kwenye kisanduku cha maoni ameandika neno moja,
*haijakamilika*, na herufi mbili za jina lake.
Basi la Võru linaondoka saa kumi na dakika ishirini.
Priit anampa nusu ya chungwa, naye anaipokea,
anaitia mfukoni bila kuifunga,
na ngazi zote tatu anashuka akisikia
jinsi inavyolowesha bitana.